Mkubwa Hayuko

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kupeleka karatasi. Wakili akipata amri kortini, karani wa masijala huipiga muhuri, mimi nikapewa nakala mbili na nauli ya tuktuk, nikaenda kumtafuta aliyetajwa. Nikimpata namkabidhi nakala moja, ile ya pili anaitia sahihi nyuma kwamba ameipokea, naandika saa na tarehe, narudi kula kiapo kwamba nimefikisha. Hakuna anayekupenda kwa kazi hiyo. Nimefukuzwa na mbwa Nyali, nimemwagiwa maji ya vyombo Kisauni, na kuna mwenye nyumba mmoja wa Likoni aliyenifungia uani kwake mpaka magharibi, akiamini amri ya korti huisha nguvu jua likizama.

Hao wote nilikuwa nawamudu. Walikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anajua kwamba ile karatasi ni kitu. Iliyonishinda ni kaunta ya kituo cha polisi.

Mwaka ulikuwa 2013, na kituo sitakitaja. Karatasi ya siku hiyo ilikuwa fupi kuliko zote nilizopata kubeba. Jaji wa Mahakama Kuu ya Mombasa alikuwa anaamuru kijana fulani aletwe mbele yake siku ya tatu, saa tatu asubuhi, na anayemshikilia aje mwenyewe aeleze anamshikilia kwa sheria gani. Kijana alikuwa mtoto wa jirani yetu Majengo, fundi wa simu. Mamake alimwona kwa macho yake akitiwa garini na wanaume wanne baada ya sala ya alasiri. Gari halikuwa na nambari.

Askari wa zamu aliisoma karatasi kwa utulivu, ukurasa wa kwanza na wa pili, halafu akanirudishia.

"OCS hayuko." Yaani mkuu wa kituo.

"Naweza kumwachia naibu wake, afande?"

"Naibu hayuko."

Nyuma yake palikuwa na mlango ulioachwa wazi kidogo. Nilikuwa nasikia kijiko kikigonga kikombe, mtu anakoroga chai.

"Na yule mle ndani?"

"Yule si mkubwa."

Nikamwomba basi yeye aipokee na aipige muhuri tu wa kituo, kuonyesha kwamba imefika. Muhuri ulikuwa pale pale juu ya kaunta, kando ya kidau cha wino, na kile kitabu kikubwa cha kuandikia ripoti kimefunuliwa. Aliutazama. Akaushika kwa vidole viwili, akafungua droo, akautia ndani, akaifunga. Hakunitukana wala hakunisukuma. Akaniuliza kama kuna jambo jingine anaweza kunisaidia.

Siku ya tatu saa tatu asubuhi hakuja mtu. Wakili wa serikali alisimama akasema polisi hawana mtu wa jina hilo. Jaji akatoa amri tena, nami nikaipeleka tena. Mkubwa hayuko. Mara ya tatu vilevile. Baada ya hapo kesi ikawa ya kutajwa na kuahirishwa, kutajwa na kuahirishwa, mpaka faili likalala.

Nilianza kuandika makala haya kwa sababu watu wakizungumzia udikteta hutaja vifaru barabarani na jenerali anayesoma tangazo redioni alfajiri. Sisi Kenya tuliyasikia hayo Agosti 1, 1982, kwa saa chache, yakashindwa. Ubabe uliotutafuna miaka mingi ulipita njia nyingine kabisa. Ulipita kwa karani, kwa mpiga chapa wa serikali, na kwa askari anayefungua droo.

Wakili niliyemfanyia kazi alikuwa mzee wa zama za nyuma, mtu wa kikombe cha kahawa chungu na hadithi ndefu. Niliporudi na karatasi isiyo na muhuri hakushangaa hata kidogo. "Keti, bwana mdogo," akaniambia, "nikueleze ya Schofield."

Mwaka 1987 mwanamume mmoja alikamatwa na polisi na hakuonekana tena. Mkewe akaenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuomba amri ileile niliyokuwa nimebeba mimi: mleteni mtu. Jaji alikuwa Mwingereza, Derek Schofield. Polisi wakaeleza kwamba mtu yule alipigwa risasi akijaribu kutoroka, na kwamba amezikwa Eldoret. Jaji akasema basi leteni mwili. Makaburi yakafukuliwa, maiti baada ya maiti, na yule mtu hakupatikana. Jaji alipoanza kuelekea kuwashika wakubwa wa polisi kwa kosa la kudharau mahakama, Jaji Mkuu akamwondoa kwenye kesi na kumhamishia Meru. Schofield akaandika barua ya kujiuzulu, akaondoka Kenya.

Wakili wangu alisita hapo, akanyanyua kidole. "Huyo alihamishwa tu. Kumfuta walikuwa hawawezi. Sheria iliwazuia. Sasa sikiliza walivyofanya mwaka uliofuata."

Mwaka uliofuata, 1988, ulianza na kura ya mlolongo. Vijana mnaosoma hapa pengine mmelisikia neno hilo kama jina la mji ulioko njia ya Nairobi. Mlolongo wetu ulikuwa wa watu: wanachama wa KANU, chama pekee cha wakati ule, walisimama nyuma ya mgombea au picha yake, wakahesabiwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa, hakuna kura ya siri tena baada ya hapo. Kila mtu aliyekuwepo anajua mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, mchana kweupe, mbele ya macho ya waliopanga mstari mrefu. Bunge lililotokana na mistari hiyo ndilo lililoketi Agosti mwaka huohuo kuibadili katiba. Marekebisho yale yalifanya mambo mawili makubwa. Yaliondoa ulinzi wa kazi ya majaji, rais akawa anaweza kumfuta jaji kama anavyoweza kufuta waziri. Na yaliwaongezea polisi muda wa kumshika mshukiwa wa kosa la kunyongwa bila kumfikisha kortini, kutoka saa 24 hadi siku 14.

Ukiyatenganisha mambo hayo hutaona ubaya wake wote. Yaweke pamoja. Siku 14 ni muda wa kufanya unalotaka na mtu, na jaji ambaye angekuuliza umefanya nini sasa anaogopa barua ya kesho asubuhi.

Na 1988 haikuwa mwanzo. Juni 1982 Bunge lilikuwa limeingiza kifungu cha 2A, kwamba chama ni kimoja tu, KANU, baada ya Jaramogi Oginga Odinga na George Anyona kutaka kuunda chama chao. Mwaka 1986 zamu ikawa ya Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, nao wakavuliwa ulinzi wa kazi zao. Yaani kwanza ukamwondoa anayeweza kushindana nawe, halafu anayeweza kukwambia hili si halali, halafu anayeweza kukuuliza pesa zimekwenda wapi, mwisho anayeweza kukuhukumu. Yote yalipigiwa kura. Yote yalichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali kwa herufi nzuri. Shuleni tulifundishwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hatukufundishwa kwamba msumeno unaweza kunolewa upande mmoja.

Wakati huohuo, katikati ya Nairobi, palikuwa na Nyayo House. Juu ni ofisi, wananchi wanapanga foleni ya pasipoti na vitambulisho. Chini kabisa ni vyumba vya giza, vingine vikijazwa maji, ambamo walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri la kupinga serikali, walisimamishwa siku nyingi hadi waseme. Wakishasema walipelekwa kortini, mara nyingi jioni, wafanyakazi wengine wakiwa wameshafunga ofisi, bila wakili. Wanakiri, wanahukumiwa, dakika chache, wanakwenda gerezani. Kulikuwa na hakimu, kulikuwa na faili, nambari ya kesi ilikuwepo. Anayetaka kusema Kenya ya wakati ule haikuwa na sheria, aende kwenye masijala aone wingi wa karatasi. Mwanasheria aliyediriki kuwatetea, Gibson Kamau Kuria, alipofungua kesi za mateso mwaka 1987 akawekwa kizuizini yeye mwenyewe.

Kisa ambacho wakili wangu alikuwa anakipenda zaidi, kama mtu anavyopenda kugusa jino linalouma, ni cha 1989. Katiba ya zamani ilikuwa na sura nzima ya haki za binadamu, na kifungu cha 84 kilimruhusu mwananchi kwenda Mahakama Kuu kudai haki hizo zikivunjwa. Jaji Dugdale akaamua kwamba kifungu hicho hakiwezi kutumika. Kisa? Jaji Mkuu hajaandika kanuni za jinsi ya kukitumia. Miaka zaidi ya ishirini ya uhuru, kanuni hazijaandikwa, kwa hiyo haki zipo ila mlango wa kuzifikia hauna kitasa. Mzee alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anakohoa. "Wamekwambia nini tofauti na wewe kule kituoni? Mkubwa hayuko!"

Ulinzi wa majaji ulirudishwa 1990, mwaka wa maandamano ya Saba Saba. 2A ikafutwa Desemba 1991. Mwaka 2003 Nyayo House ikafunguliwa, watu wakashuka kuona vile vyumba. Sitayasimulia yote hayo, mmeyasoma. Niruke mpaka Agosti 2010, tulipopitisha katiba mpya, mimi nikiwa na nakala yangu ya bei rahisi niliyonunua barabarani, nimeipigia mistari kwa kalamu nyekundu kama mwanafunzi wa madrasa. Kifungu cha 49: aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Kifungu cha 25: kuna mambo manne tu ambayo hayapunguzwi kwa hali yoyote ile, na la nne ni ile amri ya mleteni mtu. Vita, ugaidi, ghasia, tauni, hata kiama kikianza Jumanne, jaji akisema aletwe, aletwe. Watu waliokaa siku nyingi kwenye maji ya Nyayo House ndio waliotuandikia hivyo, au waliosikiliza mayowe yao.

Miaka mitatu baadaye mimi nikawa mbele ya droo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nimelikalia kwa muda. Kabla ya kijana wa jirani yetu kuchukuliwa, walishachukuliwa wengine. Pwani tulianza kupoteza watu mapema. Mashekhe waliuawa, vijana wakatoweka, kila familia ikakimbizwa kutoka kituo hiki hadi kile. Na sisi barazani, wanaume wazima na vikombe vyetu vya kahawa, tulikuwa tunasema nini? Tulikuwa tunasema lisemwalo lipo. Hawawezi kumchukua mtu bure. Yule alikuwa na marafiki wabaya. Yule alibadilika tangu aanze kusali msikiti ule. Nimeyasema mimi, kwa mdomo huu, na mamake kijana alikuwa anapita na kikapu chake kutoka sokoni, akatusikia, akatupa salamu. Wiki tano baadaye ilikuwa zamu ya mwanawe. Akaja kwangu kwa sababu mtaani nilijulikana kama "yule wa kortini". Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akaniomba nimwonyeshe wakili. Hakunikumbusha niliyosema. Mpaka leo hajanikumbusha.

Bara nao walikuwa wanasema hivyohivyo, tena kwa sauti zaidi, maana kwao sisi tulikuwa mbali na majina yetu yalikuwa ya kushukiwa tangu mwanzo. Mwaka 2015, baada ya shambulio la chuo kikuu cha Garissa, serikali ilifunga akaunti za benki za MUHURI na HAKI Africa, mashirika mawili ya Mombasa yaliyokuwa yanaandika majina ya waliopotea. Ikawaingiza kwenye orodha ya washukiwa wa ugaidi. Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema hakuna ushahidi, na baadaye ikaamuru akaunti zifunguliwe. Nairobi ilikuwa na habari nyingine za kufuatilia.

Halafu ugonjwa ukapanda ngazi. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Upeo chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais. Rais Uhuru Kenyatta alisema ameheshimu uamuzi, na mchana uleule akawaita majaji wakora mbele ya umati. Oktoba, siku moja kabla ya majaji kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio, dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi. Kesho yake walifika majaji wawili tu, hawatoshi kuketi. Mwaka 2018 mwanasheria wa upinzani Miguna Miguna akafurushwa nchini mara mbili huku amri za korti zikisema asifurushwe. Jaji George Odunga akawatoza faini waziri wa usalama, Inspekta Jenerali wa Polisi na katibu wa uhamiaji, shilingi 200,000 kila mmoja, zikatwe kwenye mishahara. Nilikuwa bado kazini. Nilijaribu kumfikiria mwenzangu wa Nairobi aliyebeba zile karatasi kwenda uwanja wa ndege, walinzi wanamwambia nini langoni. Sihitaji kuambiwa.

Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu waliuangusha mpango wa BBI wa kubadili katiba, na mmoja wao alikuwa huyohuyo Odunga, na mwenyekiti wao Joel Ngugi. Wiki tatu baadaye rais akatoa orodha ya majaji walioteuliwa kupanda cheo na wapya. Tume ya Huduma za Mahakama ilikuwa imempelekea majina tangu 2019. Akaidhinisha 34, akaacha sita. Odunga na Ngugi walikuwa miongoni mwa sita. Tukaambiwa kuna ripoti dhidi yao. Ripoti zenyewe hatukuonyeshwa.

William Ruto alipoapishwa Septemba 13, 2022, katika hotuba yake ya kwanza alitangaza kuwateua wale sita. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni, mke wangu akaniuliza kuna nini. Miezi kumi na sita baadaye, Januari 2024, rais huyohuyo alikuwa jukwaani akisema kuna majaji wafisadi wanaokwamisha miradi yake na kwamba hatakubali. Mawakili wakaandamana. Sikusimama tena kwa ajili ya hotuba ya mtu.

Na ikaja Juni 2024. Mswada wa Fedha, vijana barabarani, Bunge likavamiwa tarehe 25, watu wakapigwa risasi na kufa. Kesho yake rais akasema hautii sahihi mswada. Kisha magari yasiyo na nambari yakaanza kuzunguka Nairobi, Nakuru, Kitengela, na watu wakaanza kukosekana. Sasa waliokuwa wanachukuliwa ni watoto wa bara, wa Kamau na Otieno na Mutua, wenye digrii na akaunti za X. Magazeti yakapata neno, televisheni zikapata saa nzima. Mzee mmoja wa barazani kwetu, aliyempoteza mpwa wake 2014, alitazama habari hizo kwenye simu ya mjukuu wake, akairudisha, akasema neno moja tu: "Karibuni."

Sikucheka. Ila nilimwelewa.

Agosti 19, 2024, ndugu wawili na mwanaharakati mmoja walichukuliwa Kitengela. Chama cha Wanasheria kikaenda Mahakama Kuu, na Jaji Lawrence Mugambi akatoa amri ya kawaida kabisa, karatasi yangu ya 2013: waleteni. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, aitwe aje aeleze. Hakuja. Akaitwa tena, hakuja. Mara ana shughuli za usalama, mara ametuma wawakilishi. Nilikuwa nimeshaacha kazi wakati huo, nina duka langu la fotokopi, lakini kila siku ya kesi nilifungulia redio na kuhesabu kwa vidole. Ilipofika mara ya saba mteja akaniuliza mbona nimesimamisha mashine.

Septemba 13 jaji akamhukumu Masengeli kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, akampa siku saba ajitokeze. Siku chache baadaye Jaji Mkuu Martha Koome akatoa taarifa kwamba walinzi wa Jaji Mugambi wameondolewa. Walinzi wa majaji hutoka polisi, na mkubwa wao wakati ule alikuwa yuleyule aliyehukumiwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wangu na Schofield wake, maana kesi hizi mbili zinafanana kama pacha. Miaka 37 imepita kati yao. Polisi ni walewale na amri ni ileile, na wote wawili walimgusa mkubwa wa polisi. Tofauti ni moja. Mwaka 1987 ilitosha kumhamisha jaji kwa barua. Mwaka 2024 hakuna aliyeweza kumhamisha, kwa hiyo walibaki na kitu kimoja tu cha kumnyima, nacho ni bunduki za walinzi mlangoni pake. Jaji akaendelea kuketi. Septemba 20 wale watatu wakaachiliwa, siku 32 baada ya kuchukuliwa, wametupwa usiku Kiambu. Masengeli akafika kortini, akaomba radhi, kifungo kikaondolewa. Wapo waliokasirika kwamba hakwenda jela. Mimi nilitazama picha yake akiwa amesimama kizimbani, na nikiri, nilifurahi kama mtoto. Mkubwa yuko!

Sisemi kwamba mambo yalitengenea. Desemba mwaka ule vijana wengine walikuwa wamechukuliwa, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 tangu Juni. Novemba, mpinzani wa Uganda Kizza Besigye alitekwa Nairobi, katikati ya mji wetu, akaibukia kwenye mahakama ya kijeshi Kampala. Mahakama ya Juu ya Uganda ikasema Januari 2025 kwamba raia hawashtakiwi kwenye mahakama za jeshi. Bunge la huko likakaa, Mei likapitisha sheria ya kuwarudisha. Nilipoisoma habari hiyo niliisikia sauti ya mzee, Mungu amrehemu, anakohoa kwa kicheko. Ukishindwa kortini, badili sheria. Darasa la 1988, na wanafunzi wake hawaishi.

Ile Jumamosi baada ya wale watatu kupatikana, mama jirani yetu alikuja dukani. Alikuwa na bahasha ya khaki ndani ya folda ya plastiki, na ndani yake nakala ya amri yetu ya 2013, wino wake umeanza kuwa kahawia. Nilidhani anataka fotokopi.

"Mwanangu," akasema, "hii yetu bado ina nguvu?"

Nikamkumbuka yule mwenye nyumba wa Likoni na jua lake. Nikaisoma tena yote, ingawa naijua kwa moyo. Hakuna jaji aliyeifuta. Hakuna mtu aliyeomba ifutwe. Nikamwambia bado, mama, ina nguvu.

"Basi ipeleke."

Leseni yangu ilikuwa imeshakwisha muda. Wakili wangu alikuwa kaburini Kikowani. Sikumweleza hayo. Jumatatu nilifunga duka saa nne, nikapanda tuktuk na nakala mbili.

Kaunta imepakwa rangi mpya. Zamu alikuwa askari wa kike, kijana, pengine alikuwa shule ya msingi kijana yule alipochukuliwa. Aliisoma ukurasa wa kwanza na wa pili.

"Hii ni ya 2013."

"Ndiyo, afande."

"Na mwenyewe alipatikana?"

"La."

Akatazama mlango wa nyuma, uliokuwa umefungwa. Halafu akafungua droo. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka, akakipulizia pumzi, akagonga mara ya kwanza haikushika, akagonga tena.

"OCS hayuko," akasema, "lakini nitamwambia."

Mama alikuwa ananisubiri kibarazani kwetu. Hakuuliza walisema nini. Alipitisha kidole juu ya muhuri, akaniuliza hapa pameandikwa tarehe gani, nikamsomea.